Naombeni ushauri, nimekwama tu sijielewi

Wakuu habari zenu. Yani miezi mitatu sasa alamu inalia naizima, nashika simu nasema dakika tano tu, kuja kushtuka nimeshachelewa kazini na hata uso sijanawa. Siumwi, sina msiba, madeni ni ya kawaida tu, ila mwili hautaki na kichwa hakitaki. Kuna daftari nilinunua la kuandika mipango, ukurasa wa kwanza nikaandika tarehe nikapiga na mstari kwa rula kabisa, basi, tangu siku hiyo linafunikia glasi ya maji. Video za kuhamasishana ndo usiseme, zinanipa mzuka nusu saa halafu narudi palepale.

Kilichosaidia kidogo ni kutembea jioni bila simu, nako nilienda siku nne nikaacha (najijua). Rafiki yangu anasema ni uvivu tu, ila nimesoma kwamba ukikosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi inaweza kuwa sonona, hapo ndo nikaogopa.

Mliowahi kupitia hii mlianzia wapi? Na nitajuaje kama ni uvivu au ni ya kwenda kumuona daktari? Matusi wekeni pembeni kwanza jamani.