Kumjengea mteja tovuti kwa WordPress na kumtoza milioni: ni wizi?

Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilikaa kijiwe cha kahawa Kijitonyama na vijana wanaoandika kodi, yale maelekezo ya kompyuta (si ile ya TRA). Mmoja akanirushia neno: anayechukua WordPress (programu ya kujengea tovuti bila kuandika kila kitu mwenyewe), akapachika mandhari, yaani sura ya tovuti iliyokwishatengenezwa, kisha akamtoza mteja milioni moja na nusu, huyo ni dalali, si fundi. Iliniuma, maana ndiyo kazi inayonilipia chumba Sinza. Naileta hapa tuichambue.

Mimi nasema si wizi. WordPress ipo tangu 2003, leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuuza anachojenga juu yake, na zaidi ya tovuti 40 katika kila 100 duniani zinaendeshwa nayo. Seremala hapandi mninga kwanza ndipo aunde kitanda.

Nina mteja wa vifaa vya ujenzi Kariakoo. Tovuti yake ya kwanza iliandikwa kwa mkono mwanzo mwisho, nzuri kweli. Ila saruji ikipanda bei, lazima ampigie kijana aliyeiandika, naye alishahamia Dodoma na simu anapokea akijisikia. Bei za Februari zilikaa mpaka Julai. Watu wanakuja dukani na simu mkononi: "Mbona huku mmeandika vingine?" Nilipoihamishia WordPress, dada wa kaunta nilimfundisha mchana mmoja tu. Sasa anabadilisha bei mwenyewe. Hicho ndicho nilichouza.

Ninapowapa vijana haki yao ni kwenye matunzo. Wengi wetu tunakabidhi tovuti kama sahani ya chipsi, ukishalipwa kwaheri. Programu-jalizi, vile vipande vya kuiongezea tovuti uwezo, zisiposasishwa zinaacha mlango wazi kwa wadukuzi. Na wapo wanaopakua mandhari za kulipia zilizovunjwa kufuli, wakidhani wameokoa hela, kumbe mwizi ameshajificha humo. Mwaka wangu wa kwanza mteja alifungua tovuti ya shule yake akakuta matangazo ya kubeti. Sikuwa na nakala ya akiba. Nililala macho siku tatu.

Karibuni, mnipinge.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu umejitetea, ila kasi umeiruka. Tovuti zenu zina programu-jalizi thelathini, mtu wa bando la buku anasubiri ukurasa unazunguka mpaka anaghairi. Kurasa nne zisizobadilika mwaka mzima, HTML tupu, yaani kurasa zilizoandikwa kwa mkono bila WordPress, inatosha, na mdukuzi hapati pa kushika kirahisi.

MLETA MADA: Kwa kurasa nne nakubali, hata mimi ningeandika hivyo. Ila nionyeshe mteja wa Dar aliyeomba nne akabaki na nne. Wiki ya pili anataka pa kuweka picha, ya tatu anataka watu walipie kwa M-Pesa.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi ni mteja, nina saluni Mwenge. Nililipa yote, na hadi leo neno la siri la tovuti yangu sina. Nikimuuliza fundi, "Usijali dada, nipo." Nyie mnabishana nyundo na msumeno, funguo anazo nani?

MLETA MADA: Dada, kabla hujagombana naye, angalia kwanza kikoa chako cha .co.tz, yaani jina la anwani ya tovuti, kimesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni lako, nenda kwa msajili na vitambulisho vyako, atakusikiliza. Kama ni la fundi, basi zungumza naye kwa upole sana mpaka ahamishe.