Tupeane uzoefu: Goti likishaumia, unarushaje ndoano ukiwa ufukweni?

MshipiMrefu
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale tunaovua tukiwa tumesimama ufukweni, wenye boti mtatusamehe. Goti langu la kushoto lilichanika gegedu la ndani. Hata si kwa uvuvi, ni ngazi tu za nyumbani. Nimefanyiwa upasuaji, mazoezi ya fizio nimemaliza, na daktari kaniruhusu kurudi kwenye shughuli zangu taratibu. Kutembea natembea, baiskeli naendesha. Kasheshe imeanza niliposhika fimbo.

Natumia mkono wa kulia na narusha kwa mtindo wa kulaza chubwi (kile kizito cha mwisho wa mshipi) mchangani nyuma yangu, nageuka mwili mzima, kisha naachia. Mwishoni uzito wote unahamia mguu wa kushoto huku kiwiliwili bado kinazunguka. Wakati huo huo wala siumii sana, ila jioni goti limevimba kwa ndani na kulikunja ni shida. Mnaoniambia niache, asanteni, nimeshasikia. Namtaka aliyepitia haya aniambie alibadilisha nini: miguu, fimbo, uzito wa chubwi, au mtindo wote?

DadaWaPwapwa
Pole sana kaka. Mimi ilikatika kano ya mbele, goti la kulia, ikabidi kuunganishwa upya. Aliyekuwa ananifanyisha mazoezi alinikatalia katakata kuzunguka juu ya mguu ule kabla ya miezi 9, na hata ilipofika alinipima kwanza nguvu za paja na kuruka kwa mguu mmoja. Kwa hiyo nilikuwa na muda mrefu wa kujifunza kurusha bila kuzunguka.

Nilichofanya ni hiki. Nasimama nikiitazama bahari, miguu imeachana upana wa mabega, wa kushoto umetangulia kidogo tu, vidole vyote vinaelekea ninakorusha. Fimbo inapita juu ya kichwa, ncha imeelekea nyuma, chubwi linaning'inia chini ya ncha kiasi cha mita moja. Nasubiri litulie. Likiwa linabembea, nguvu zinapotea na linaweza kwenda pembeni. Halafu mkono wa juu unasukuma kwenda mbele na juu, na wa chini unavuta kitako cha fimbo kuja kifuani, kwa wakati mmoja. Watu wengi wanasukuma tu na kusahau kuvuta. Kumbe mkono wa chini ndio unaoikunja fimbo, na fimbo ikikunjika vizuri inafanya kazi ambayo zamani ulikuwa unaifanya kwa kiuno na magoti.

Umbali unapungua, nisikudanganye. Ila goti halijui hata kama nimerusha.

MzeeWaKupwa
Wanangu, mimi magoti yote mawili yamekwisha gegedu, ni uzee, hakuna cha kushona. Kinachonichekesha ni vijana wanaotupa chambo mbali kabisa wakati samaki wako nyuma ya chambo chao. Nendeni ufukweni maji yamekupwa kabisa mkatazame. Mtaona fungu la mchanga, na kati yake na nchi kavu kuna mfereji. Maji yakianza kujaa, samaki wanaingia kwenye mfereji ule kutafuta kilichofukuliwa na mawimbi. Mahali pengine ni mita 30 au 40 tu kutoka uliposimama. Wekeni alama kwa mti au jiwe, rudini maji yakijaa. Hapo kurusha ni kuweka tu.

Chubwi6
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa ufukwe wenye mteremko, lakini sisi wengine tunavua kwenye tambarare ambako maji ya magotini yanaendelea mbali sana. Hakuna mfereji. Usipofika mbali unaogesha chambo.

Kwangu dawa ilikuwa kwenye vifaa, si miguu. Nimetoka chubwi la wakia 6 nikashuka hadi 4, na fimbo ya futi 14 nimeibadilisha kwa ya futi 12 iliyo laini zaidi ya ile. Fimbo ngumu haikunjiki mpaka uipige kwa mwili wote. Mshipi nao nimeweka wa kusukwa, mwembamba, kwa hiyo haukamatwi sana na upepo wala na ukingo wa rili. Chambo nakibana kwenye klipu juu ya chubwi ili viruke pamoja. Chambo kinachopepea angani kinakula umbali kuliko goti bovu.

Ila jamani, mshipi mwembamba usiufunge moja kwa moja kwenye chubwi. Lazima mbele kuwe na kipande kinene cha kupokea mshtuko. Kanuni ya zamani ni nguvu ya paundi 10 kwa kila wakia ya chubwi, yaani chubwi la wakia 4 linataka mshipi wa paundi 40. Kiwe kirefu cha kutosha kuzunguka rili mara kadhaa kabla hujarusha. Kikikatika, chubwi linageuka risasi kweli, na si wewe utakayeumia ila jirani.

FizioMvuvi
Nafanya kazi hii ya mazoezi ya viungo, na jioni nashika fimbo, acha nichangie.

MshipiMrefu, goti limeumbwa kukunja na kunyoosha. Kuzunguka linazunguka kidogo sana. Wanaozunguka ni nyonga na sehemu ya juu ya mgongo. Sasa ukikita mguu wa kushoto mchangani halafu nyonga ikageuka juu yake, kuna kitu lazima kilipe kati ya nyonga na unyayo, na aliyepo hapo katikati ni goti. Gegedu linasagwa kati ya mifupa miwili, uzito juu, mzunguko juu yake. Ndiyo maana huumii ukiendesha baiskeli.

Unaweza kubaki na mtindo wako kwa kubadilisha mambo mawili. Kwanza, kabla hujaanza, unyayo wa kushoto tayari uelekee baharini, si pembeni. Yaani mguu unamsubiri mwili ulipo mwisho wa safari. Pili, mguu wa nyuma usibaki umelala. Kisigino kinyanyuke na uzunguke juu ya vidole nyonga inapogeuka. Goti la mbele likunjwe kidogo, lisifungwe likanyooka. Jaribu nyumbani bila fimbo, sakafuni, umevaa soksi: soksi ikiteleza na kuzunguka pamoja na nyonga, sawa. Ikiwa imeng'ang'ania na unahisi kitu gotini, bado.

Na kuvimba jioni usikuchukulie poa. Kuvimba kunakokwisha ukilala na kuamka si sawa na kunakoongezeka kila ukirudi. Goti likikwama halinyooki, au likikuachia ghafla ukitembea, usirushe kitu, rudi kwa daktari aliyekupasua.

KushotoKulia
Mimi nimehama mkono. Goti langu bovu ni la kushoto kama lako mkuu, na ukirusha kwa mkono wa kulia la kushoto ndilo linalokaa mbele na kupokea breki. Nikajifunza kurusha kwa mkono wa kushoto, sasa mguu wa kulia ndio uko mbele.

Usicheke, inachekesha kweli. Mwanzoni chubwi lilikuwa linaenda kila kona ya dunia isipokuwa baharini. Nilijifunza ufukwe ukiwa mtupu, chubwi bila ndoano, nguvu nusu. Kinachosumbua si mkono wenyewe, ni kidole cha kuachia mshipi, kinachelewa na chubwi linajipiga mbele ya miguu yako. Baadaye kikazoea.

DadaWaPwapwa
KushotoKulia, hapo mimi na wewe tunapishana. Kwangu la kulia ndilo bovu, na narusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo bovu liko nyuma. Watu wanaliita la nyuma kuwa ni la kupumzika. Si kweli. Lile la nyuma ndilo linalosukuma, na ukiwa na kano mpya unalisikia. Kuhama mkono kungeliweka la kulia mbele, kwenye breki. Bora nibaki na juu ya kichwa.

FizioMvuvi
Wote mko sawa. Inategemea kilichoumia na kinachouma wakati gani: unaposukuma au unapopokea. Mtu ajichunguze hapo kwanza kabla ya kuhama mkono.

MsumariWaKiti
Niwachekeshe: mimi narusha nimekaa. Goti langu limebadilishwa, la bandia. Stuli ndefu kidogo, makalio juu ya usawa wa magoti, miguu yote miwili chini imetulia. Fimbo ya futi 10, chubwi dogo, kurusha juu ya kichwa tu. Tatizo la kwanza ni miguu ya stuli kuzama mchangani, na inazama upande mmoja kila mara. Nimepigilia kipande cha ubao chini ya miguu yote. La pili ni kuinuka samaki akivuta. Sasa natumia ndoano za duara, zile zilizojikunja ncha. Samaki anajinasa mwenyewe akigeuka, sina haja ya kuruka na kupiga fimbo. Namwachia fimbo ikunjike kwenye kishikio, naamka kwa heshima zangu.

Chubwi6
😂 Kwa heshima zako kabisa.

BintiChambo
Mnaongelea kurusha tu, na mimi kilichokuwa kinaniua si kurusha. Ni kuchuchumaa. Kila ukibadilisha chambo unachuchumaa kwenye ndoo, kila ukitoa samaki ndoano unachuchumaa tena. Pia ya goti langu ndiyo yenye shida, na kuchuchumaa kunaibana kuliko kitu chochote. Nimebeba meza ndogo ya kukunja, inafika kiunoni. Chambo, kisu, kitambaa, vyote juu. Kisu hakishuki chini mpaka narudi nyumbani. Na fimbo inakaa kwenye kishikio kirefu.

Kingine, mteremko. Ukitembea sambamba na maji, mguu wa upande wa bahari uko chini kuliko mwenzake njia nzima. Tembeeni kwenye mchanga mgumu ulio tambarare hata kama ni kuzunguka.

MshipiMrefu
Wakuu, sijui niwashukuruje. Leo nimegeuza unyayo wa kushoto uelekee baharini kabla ya kuanza, na kisigino cha kulia nikakiacha kinyanyuke. Nguvu kama nusu. Chubwi limepungua umbali kidogo kuliko nilivyoogopa, na goti liko kimya mpaka sasa naandika. Kesho asubuhi ndiyo itasema. Nina maswali mawili: vipi ile bendeji ya kuvuta ya gotini, inasaidia? Na nikisimama ndani ya maji, maji ya kifundo cha mguu, mbona ndipo panaponisumbua zaidi?

FizioMvuvi
Bendeji inapasha joto na inakukumbusha kuwa una goti. Haizuii kuzunguka. Ile yenye vyuma pembeni ni habari nyingine, iwe umeandikiwa.

Kuhusu maji, angalia miguu yako wimbi likirudi. Maji yanafukua mchanga kuzunguka unyayo, na ndani ya muda mfupi kisigino kimezama, vidole vimefunikwa. Mguu umefungwa. Ukigeuka hapo, ule unyayo tuliousema uzunguke hauzunguki tena, na mzunguko wote unapanda gotini. Buti la mpira linazidisha maana linanaswa na mchanga. Ukitaka kurusha, toka mpaka mchanga ulio na unyevu lakini mgumu, rusha, ndipo urudi majini na fimbo yako. Ukilazimika kurushia majini, ng'oa mguu na uuweke upya kila wimbi likipita, na urushe juu ya kichwa, usizunguke.