HUYU MTU KANICHOMOA SIMU SIKIONI ETI UBONGO WANGU UMECHEMKA!!!

Wakuu nimetoka kudhalilishwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina simtaji, mnamjua wote, yule daktari wa kujipachika anayezima waifai usiku eti hata mende watapata saratani. Niko naongea na mama, ndo anaanza kunisomea majibu ya vipimo vyake, jamaa katokea nyuma kanichomoa simu SIKIONI, kakata, halafu mbele za watu anasema "nimekuokoa, ubongo ulishachemka". Mama yuko katikati ya sentensi!

Umechemka na nini? Simu inatoa mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei, yanachoweza ni kupasha joto kidogo tu na lenyewe limewekewa kikomo, Marekani wati 1.6 kwa kilo ya tishu, Ulaya wati 2. Yeye anaongea utadhani nimejibandika jiko la mkaa. Na hiyo 2B, kundi ambalo taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya simu mwaka 2011, anayotembea nayo kama hati ya kiwanja, maana yake ni "huenda", ushahidi haujatosha, na kundi hilohilo limo dondoo la majani mazima ya aloe vera analokunywa kila asubuhi!! Mbona hajawahi kujichomoa kikombe mdomoni?

2024 yametoka mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, tafiti 63, hawakuona simu inahusiana na saratani ya ubongo. Ningemwambia yote hayo ila mtu kakuchomoa simu sikioni unaanzia wapi? SIKIONI jamani. Mama kapiga tena analia, alidhani nimeanguka.

Mzee_wa_Chaji: Mkuu kwa hasira hizi mbona kama kweli umechemka 😂😂

Binti Makini: Usimkandie sana. 2011 hiyohiyo watafiti walipima watu 47, simu ikiwa hewani dakika 50 sehemu ya ubongo iliyo karibu na antena ilitumia glukosi zaidi kwa kama asilimia 7. Hawakusema ni ugonjwa, ila kitu kinatokea. Tumia iafoni yaishe.

Mleta uzi: Iafoni nayo angeichomoa!! Hujaelewa, KACHOMOA.

Kobe255: Vipimo vya mama vilisemaje?

Mleta uzi: Viko poa, ila si hoja.

Fundi Mtulivu: Wa kwangu alinibandikia stika ya kuzuia mionzi nyuma ya simu bila kuniuliza. Sasa antena ikizibwa simu inajikamua zaidi kutafuta mnara, yaani ndo inatoa mawimbi makali kuliko mwanzo. Nimeikwangua kwa kisu mpaka kava imekufa.

Mama Kelele: Afadhali nyie mnaochomolewa na kubandikiwa. Mimi wangu anaweka spika kwenye gari la abiria, nimeshajua madeni ya ukoo wake wote.

Mzee_wa_Chaji: @Mama Kelele huyo ana uhusiano na anayesikiliza voisi noti za dakika 9 kwa sauti?

Mama Kelele: NDIYE HUYOHUYO. Na anazirudia.

Kobe255: Mnalalamikia kelele, mimi kuna mtu kaazima chaja yangu toka wiki iliyopita, nikiiulizia ananiambia nina roho mbaya

Fundi Mtulivu: Kobe huyo wako ni mrefu ana kofia nyeusi? Maana ana ya kwangu pia