Naomba ushauri: kushuka kona za Stelvio kwa baiskeli

Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane naenda Italia kupanda Stelvio, barabara ya milimani kwenye Alpi, kutokea kijiji cha Prato: kona kali 48, kileleni mita 2,757. Kupanda sina hofu, nimejiandaa. Kushuka ndiko kunakoninyima usingizi. Breki zangu ni za kubana rimu. Juzi kwenye mteremko mrefu vidole viliisha nguvu, rimu ikachemka hadi haishikiki. Nimebadilisha mipira ya breki, nimejaribu kubana na kuachia kwa vipindi. Nafuu ni ndogo, na kwenye kona bado natanuka hadi upande wa magari yanayopanda.

Je, breki ya mbele niiachie kabla ya kuingia kona, au katikati? Na kwa kilo zangu 88, nihamie breki za diski? Nawasikiliza.