Tupeane uzoefu: uuguzi Uingereza, kutoka karatasi za nyumbani hadi Bendi 6 ya mshahara

Mleta mada
Wakuu, habari za zamu. Uzi huu ni wa wauguzi wanaojiandaa kwenda Uingereza na walioko huko tayari. Tuweke hatua, alama, ada na mahali watu wanapokwama, ili anayekuja nyuma asilipie kosa lilelile.

Naanza na karatasi. NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga wa kule, halipokei uthibitisho wa usajili kutoka mkononi mwako. Baraza lako la nyumbani ndilo linaloujaza na kuutuma. Lifuatilie mapema, maana hapo ndipo wiki nyingi zinapoliwa. Kagua na majina: pasipoti ina matatu, cheti cha chuo kina mawili, cheti cha ndoa kimeleta jingine. Tafuta hati ya kisheria inayoyaunganisha kabla hujafungua ombi.

MkungaPwani
Kwenye mtihani wa Kiingereza wengi hukimbilia IELTS kwa sababu ndiyo wanayoijua. NMC inataka IELTS Academic alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwa OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ni daraja B kwa hayo matatu na C+ kwa kuandika. Kwa mtu wa wodini naona OET inamfaa zaidi: unaandika barua ya mgonjwa, maneno 180 hadi 200, badala ya insha ya mambo ya dunia. Kinachoangusha watu ni kunakili faili zima. Ukimwandikia muuguzi wa jamii kuhusu kidonda, operesheni ya jino ya miaka kumi iliyopita iache. Sema kwanza kwa nini unaandika, kisha hali ilivyo leo, kisha unachomwomba afanye.

DripuNaHesabu
Mtihani wa kompyuta, CBT, unaufanya ukiwa bado nyumbani. Sehemu A ni hesabu, maswali 15. Sehemu B ni ya uuguzi wenyewe, maswali 100. Hesabu zinawaponza watu kwa haraka tu. Dripu ya lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Anayegawa kwa 8 amesahau kwamba swali linataka dakika. Na digoxin, dawa ya moyo, miligramu 0.125 ni maikrogramu 125, si 12.5. Fanyeni kila siku kwa kalamu.

MamaWodi
Mimi nikae kwenye OSCE, mtihani wa vitendo, maana ndiyo inayowaliza watu. Stesheni 10: nne zinamfuata mgonjwa mmoja (kumhoji na kumpima, kupanga huduma, kuitekeleza, kutathmini), nne ni za ustadi kama kuchoma sindano au kusafisha kidonda, na mbili ni za kuandika kimyakimya.

Muuguzi wa miaka kumi anafeli huku kazi anaijua. Mtahini hawezi kukupa alama kwa kitu ulichokifanya kichwani. Kisemeni kwa sauti: nasoma jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye bangili, namuuliza aleji, naangalia dawa imekwisha muda au la. Dawa usiyoitoa, andika sababu yake kwenye chati. Kila andiko lina tarehe, saa, jina na saini. Ukikosea, piga mstari mmoja kosa lisomeke, weka saini pembeni.

Chati ya NEWS2, inayojumlisha alama za vipimo kuonyesha mgonjwa anavyozidiwa, ijueni kama jina lenu. Pumzi zihesabu dakika nzima. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, hiyo peke yake ni alama 2, na hapo ndipo wengi wanasahau. Jumla ya 5 au 6 ni kuita msaada haraka. 7 kwenda juu ni dharura. Hata alama 3 kwenye kipimo kimoja inataka mtu aje amtazame. Kufufua ni mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Ada ni pauni 794. Ukifeli stesheni 7 au pungufu unarudia hizo tu kwa pauni 397. Zikifika 8 unarudia zote. Nafasi ni tatu.

Mleta mada
Ahsante dada. Kwa wenye ofa ya kazi: OSCE ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi, na usajili ukamilike ndani ya miezi 8, la sivyo visa inaingia mashakani.

KaratasiKwanza
Kuhusu mawakala. Tanzania iko kwenye orodha nyekundu, yaani nchi ambazo Uingereza imezuia kusakwa wahudumu wake wa afya, hivyo wakala haruhusiwi kuja kusaka wauguzi, ila wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja kwa mwajiri. Wakenya wana mkataba wa serikali na serikali tangu 2021. Wakala anayekudai ada ya kukutafutia kazi, sheria ya Uingereza inamkataza. Na kabla ya saini, soma kifungu cha kurudisha gharama ukiacha kazi: kiasi gani, na kinapungua vipi kadiri miezi inavyopita.

NesiWaUsiku
Ukishapata namba ya usajili unaingia Bendi 5, ngazi ya mshahara ya muuguzi anayeanza, na hapo wengi wanalala. Omba mapema kozi ya kutoa damu, kuweka kanula na dawa za mshipa, na uombe kusimamia wanafunzi. Ukiomba Bendi 6 hayo ndiyo unayoulizwa. Ukimpigia daktari simu usiku, taja wewe ni nani, nini kimetokea, historia fupi, vipimo vyenye NEWS2, kisha useme wazi unataka afanye nini. "Naomba uje umwone" bila namba itakaa kwenye foleni.

Faili la kuhuisha usajili lianze wiki ya kwanza. Kila miaka 3 unadaiwa saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo (20 kati yake pamoja na wenzako), maoni 5 ya watu kuhusu kazi yako na tafakuri 5 za maandishi. Kwenye tafakuri usiweke jina la mgonjwa, kitanda wala tarehe inayoweza kumtambulisha.