MREJESHO: Bro wangu wa Ohio na ile kemikali ya treni

Wakuu nimerudi. Niliuliza hapa kama bro anayekaa karibu na East Palestine, mji mdogo wa jimbo la Ohio kule Marekani, pale treni ilipoacha reli tarehe 3 Februari 2023 na siku tatu baadaye wakachoma vinaili kloraidi (kemikali ya kutengenezea plastiki) ya mabehewa matano, akapime damu kuona kama ana sumu. Basi kaenda. Daktari kamwambia hiyo kitu haikai mwilini, siku chache tu ishatoka na mkojo, kupima saa hizi ni kutupa hela, cha kuangalia ni ini maana kansa yake inaweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Ndo nikaelewa kwa nini serikali yao 2025 ilitangaza dola milioni 10 za utafiti wa miaka 5, mi nilidhani ulaji tu.

Bro anataka kujiunga na huo utafiti. Shemeji kafukua simu ya zamani, kioo kimepasuka, ila picha ya lile wingu jeusi aliyoipiga dirishani ipo na tarehe na saa, maana tafiti hizi huwa zinauliza ulikuwa wapi, moshi ulikufikia vipi, maji ya kisima au bomba. Kichwa bado kinamuuma bro lakini. Aliyeshauri aandike dalili kwenye daftari, asante mkuu, kashajaza kurasa nne.