Naomba ushauri: mkanda wa ndege ya mfano ya umeme unaruka meno

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Goma na ninaomba msaada wenu kuhusu mfumo wa kupunguza mizunguko kwa mkanda. Ndege yangu ya mashindano ya sarakasi ina mota ya mizunguko 1,200 kwa dakika kwa kila volti, betri ya lithiamu ya volti 14.8, na mkanda wenye meno, upana wake milimita 9, unaounganisha puli ndogo ya meno 16 na kubwa ya meno 40, hivyo mota huzunguka mara 2.5 kwa kila mzunguko mmoja wa propela.

Ndege inapopaa wima nami nikaongeza nguvu ghafla, mkanda huruka kwenye puli ndogo, na nikifungua kifuniko nakuta unga mweusi wa mpira umejikusanya ukingoni mwake. Nimeukaza, lakini beringi ya mbele ya mota ikapata moto kiasi cha kutogusika. Nilipoulegeza kidogo, tatizo likarudi. Puli ziko sambamba, nimezipima kwa rula ya chuma. Kupunguza kasi ya mota kuitikia kumesaidia kiasi, ingawa kunainyima ndege wepesi ambao mashindano yanaudai.

Je, nihamie puli za meno 20 na 50, ili uwiano ubaki uleule huku meno mengi zaidi yakishika, au nitafute mkanda wa milimita 15? Tena, kwa kuwa mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi, propela kubwa zaidi itafidia upungufu huo bila kuulemea mkanda?